Waya Uliokatwa Ijumaa

Masika alikuwa juu ya winchi, kapanda boriti kama mkwezi, na kitambaa cheupe mkononi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya barafu ya kwanza kutolewa, alipanda pale akaupitisha waya wote ndani ya kitambaa, taratibu, dhiraa baada ya dhiraa. Waya mzima huteleza tu. Waya ulioanza kukatika nyuzi hukinasa kitambaa. Jumatatu hiyo kitambaa kilinasa mara kumi na nne katika dhiraa moja peke yake, na mara ya mwisho kikachanika.

Alishuka ngazi, akasimama mbele ya wenzake.

"Waya uno umekwisha," alisema. "Tusinyanyue kitu mpaka ubadilishwe."

Kwengine, fundi akisema hivyo watu husogea pembeni. Kwenye kiwanda cha barafu cha Baridi Njema, hapo Tumbe, watu walicheka. Aliyeanza ni Mjaka, na Mjaka ndiye ambaye hakutakiwa kucheka hata kidogo, maana kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kulabu. Winchi inaponyanyua mikebe kumi ya barafu kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye tangi la maji ya chumvi, karibu nusu tani, Mjaka huipokea kwa mikono, akaisukuma mpaka mezani, akaipindua barafu ikateleza nje. Mara thelathini kwa siku kichwa chake kilikuwa chini ya mzigo huo, na kichwa chenyewe ndicho hicho kilichokuwa kikicheka.

"Matano keshapata waya!" alisema Mjaka. "Kamwambieni atayarishe nanga!"

Wenzake wakavunjika mbavu.

Kiwanda kile kilikuwa na ada yake. Chochote ambacho fundi amekikataa, iwe beringi, mnyororo au waya, ni chake, kama ngozi ya mbuzi inavyokwenda na mchinjaji. Tajiri mwenye kiwanda, ambaye anakaa Dubai na kuja Pemba mara moja kwa mwaka kupigwa picha, aliitangaza ada hiyo siku ya ufunguzi na watu wakampigia makofi. Alidhani ametoa zawadi. Alichotoa ni fitina, kwa sababu tangu siku hiyo fundi akisema kitu ni kibovu, hakuna anayekitazama kitu. Wote humtazama fundi.

Na huyo Matano alikuwa kaka wa mke wa Masika, mwenye mashua ya mashine na mdomo mkubwa kuliko mashua yenyewe. Kwa wiki mbili nzima alikuwa akiwaambia watu dikoni, penye mnada wa samaki: "Waya wangu wa nanga uko juu kiwandani, unaning'inia. Shemeji yangu akitaka tu, utashuka." Watu wa Tumbe wamepewa masikio mazuri sana na Mwenyezi Mungu. Laiti wangepewa na kitu cha kuweka kati ya sikio moja na jingine.

Masika alikikunja kitambaa kilichochanika, akakitia mfukoni, akaenda ofisini.

*

Meneja aliitwa Abdulnasir, kijana wa mjini Unguja, msomi wa biashara, ambaye alikuja Pemba kwa uso wa mtu aliyepelekwa jela. Ofisini kwake kulikuwa na baridi kuliko ndani ya tangi. Alimsikiliza Masika huku akiitazama simu.

"Umekwisha vipi? Si tumebadilisha mwaka jana tu?"

"N'kweli, bwana. Lakini kuno kuna chumvi. Waya unashinda juu ya maji ya chumvi mchana kutwa. Unaliwa kwa ndani, kwa nje huuoni."

"Kuno kuna chumvi," Abdulnasir alimwigiza, akiivuta sauti kama waivutavyo watu wa Kaskazini. Karani aliyekaa pembeni akacheka, na karani huyo mwenyewe kazaliwa Shumba, kijiji cha jirani, mama yake anasema *kuno* mpaka leo. "Mzee Masika, huu mwambao mzima una chumvi. Tubadilishe na milango?"

Masika akatoa kitambaa, akakitandaza mezani amuoneshe mahali kilipochanika. Abdulnasir alikitazama kama mtu aliyewekewa soksi mbele ya chai. Akavuta kitabu cha winchi kutoka kwenye mtoto wa meza, akakifungua, akaweka kidole.

"Hapa. Waya, miaka mitatu. Kitabu kimeandikwa na Wajerumani. Wewe na Mjerumani, nani anaijua winchi?"

Mistari miwili chini ya kidole kile kitabu kilisema kwamba kwenye chumvi au mvuke hesabu ya miaka isifuatwe, afuatwe mkaguzi. Abdulnasir hakufika huko. Kusoma mistari miwili zaidi ni kazi, na yeye alikuwa meneja.

"Waya mpya upo stoo, bwana. Bi Rahila anao. Sikuombi ununue."

"Upo, na utakaa. Hebu niambie," akainua macho kwa mara ya kwanza, "shemeji yako hajambo? Mashua yake imepata nanga?"

Karani akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Masika alihisi masikio yakiwaka moto. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, ana mjukuu, na hakuwahi kuchukua hata msumari usiokuwa wake.

Abdulnasir akasukuma daftari la ukaguzi mbele yake. "Andika *inafaa*, tia saini, urudi kazini. Mashua zinasubiri barafu. Kama huwezi kuandika, nyumbani kwako si mbali."

Sitaki kumfichia aibu yake: Masika aliandika. Alishika kalamu akaandika *inafaa* kwa mwandiko mzuri wa chuoni, akatia saini, akatoka. Nusu saa baadaye winchi ilikuwa ikinguruma na Mjaka kasimama chini yake anaimba.

*

Nyumbani, Mwatum alikuwa uani anakaanga samaki. Masika alipiga salamu, akakaa kwenye kibao, akatazama karai. Vilikuwa vipande vya nguru, vinene, vya watu wenye uwezo.

"Mamake Asya, nguru huyu katoka wapi?"

"Kwa kaka yangu. Hukuuliza juzi ulipokula yule changu, wauliza leo?"

"Nauliza leo."

Mwatum aligeuza kipande. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye ulimi, na hakuwa mwongo. Kasoro yake ilikuwa moja: akiona mlango uko wazi huwa haulizi wa nani.

"Kaka alikuja, akan'ambia nanga yake imekatika kamba mara mbili, anataka waya. N'kamwambia waya upo, subiri tu. Tangu hapo analeta kitoweo. Kosa liko wapi? Uliopita si tulimpa yeye?"

"Uliopita ulikuwa umeshuka! Uno uko juu, unafanya kazi! Mie n'meukagua leo, weye umeuuza wiki mbili nyuma?"

"Kuuza! Kupeana na ndugu ndio kuuza?" Akaweka mwiko chini. "Na si umekwisha? Si umekwisha wenyewe?"

"Umekwisha."

"Basi! N'likosea nini?"

Hapo ndipo palipomuuma Masika. Waya ulikuwa umekwisha kweli, na yeye alikuwa keshaula kweli, kwa mafuta na kwa ndimu, siku kumi na nne mfululizo. Akajiuliza jambo ambalo hakupata kujiuliza katika miaka yote ya kazi yake: je, mwaka jana, alipoukataa ule wa kwanza, jicho lake lilikuwa limenyooka, au nalo lilikuwa linataka kitoweo? Alitafuta jibu kwa muda mrefu, na hakulipata. Alichukia kuona kwamba hata yeye sasa anamtilia shaka Masika.

Hodi ikapigwa. Matano aliingia bila kusubiri kukaribishwa, anatabasamu, na kole mbili za nazi mkononi kama mtu anayeposa.

"Shemeji! N'mesikia Mjaka asema waya leo umekataliwa. N'je na gari ya ng'ombe, au n'je na vijana tuubebe begani?"

"Meneja kakataa."

Tabasamu la Matano lilipungua, lakini halikwisha. Aliketi. "Meneja mtoto yule. Weye mwambie mara ya pili. Mwambie kwa ukali. Watu wote dikoni n'shawaambia."

"Ndio maana kakataa!" Masika alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kwa sababu ya hiyo *n'shawaambia* yako! Mjaka anasimama chini ya mzigo ule, Matano. Mashua yako ikikata waya, itaondoka na maji, utaifuata na ngalawa utaikuta. Ule ukikatika pale utaondoka na mtu."

Matano alifikiri. Kufikiri kwake kulionekana, maana alikuwa akikodoa macho.

"Sasa," alisema mwishowe, "hiyo si sababu nzuri zaidi ya kuushusha?"

*

Jumatano Masika aliomba winchi inyanyue mikebe mitano badala ya kumi. Abdulnasir, ambaye siku hizo alikuwa akiziendesha swichi za winchi mwenyewe ili fundi asipate hila, alisema mashua arubaini ziko ufukweni na samaki wanaoza, na kwamba akitaka ushauri wa namna ya kuchelewa atamwita. Ikanyanyuliwa kumi.

Katikati ya njia, juu kabisa, kitu kililia *ti!* kama uzi wa gambusi. Uzi mmoja mwingine wa waya ulikuwa umeondoka. Mzigo ulicheza kidogo ukatulia. Waliosikia walisikia, kisha wakaamua kwamba hawakusikia.

Masika alikimbia mpaka kwa Mjaka, akamshika mkono. "Sogea, yakhe. Mzigo ukija simama ubavuni, uuvute kwa ndoano ndefu. Usiingie chini."

Mjaka alimtazama mkono, kisha akawatazama wenzake kuona kama wanatazama. Walikuwa wanatazama.

"N'simame huko mbali, barafu n'iite kwa jina?" alisema. "Wee Masika, waya uutakao chukua, lakini usin'tie woga mie. Kamba hukatikia pabovu. Uno mzima, n'nauona kwa macho yangu, unang'ara!"

Uling'ara kwa sababu Masika aliupaka grisi kila Jumatatu. Hilo Mjaka hakulijua, na angelijua asingelisema. Aliingia chini ya mikebe, akainua mikono juu akajitikisa kiuno kama mcheza ngoma, na watu wakapiga makofi. Ana watoto watano mtu huyo.

Siku ile Masika hakula mchana. Alikaa nyuma ya stoo akijaribu kuomba dua kwamba waya ukatike usiku, kiwanda kikiwa kitupu, kisha akakumbuka kwamba msimu huu kiwanda hakiwi kitupu hata usiku. Winchi haikupumzika wakati wowote, isipokuwa mmoja.

*

Ijumaa saa sita na nusu kiwanda kizima kilifungwa. Wanaume walioga kwenye mfereji wa uani, wakavaa kanzu, wakaenda msikitini. Abdulnasir alijipulizia manukato ya dukani, akaondoa ufunguo wa ofisi, akaacha wa winchi, kwa kuwa hakupata kumsikia Mpemba wa kukosa Ijumaa.

Masika naye alikuwa kavaa kanzu. Alifika mpaka langoni, akasimama. Tangu kubaleghe alikuwa amekosa sala ya Ijumaa mara mbili tu, zote mbili kwa homa. Aliwaona wenzake wakipinda njia, Mjaka mbele, kofia kaiweka upande. Akarudi ndani. Moyo ulikuwa ukimpiga kama wa mwizi, na hili lilimkasirisha, maana ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nzima anafanya jambo lisilo na wizi ndani yake.

Alivua kanzu akaitundika msumarini. Akaishusha kulabu mpaka sakafuni, akaufungua waya wote kutoka kwenye gurudumu lake, dhiraa sitini na sita, ukajilaza chini umejikunjakunja. Kama angeuacha hivyo, Abdulnasir angeurudisha juu kabla ya laasiri. Kama angeuviringisha vizuri na kuuweka pembeni, ungekwenda kwa Matano, na Tumbe nzima ingesema *si tulisema?* Masika akachukua mashine ya kukatia chuma, akaiwasha, akaanza kuukata. Kipande cha kwanza dhiraa moja. Cha pili dhiraa moja. Hakuna nanga inayofungwa kwa waya wa dhiraa moja. Hakuna chochote kinachofungwa nao, labda mbuzi.

Bi Rahila, mtunza stoo, alitoka mbio, mtandio mkononi. Alikuwa mjane wa makamo, na kwa mwanamke Ijumaa si lazima.

"Masika! Leo Ijumaa!"

"Naijua, Bi Rahila."

"Wendawazimu umekuingia? Waya wa watu wakata vipande?"

Masika alizima mashine. Akaokota kipande, akamuonesha ncha yake ilipokatwa. Kwa nje waya uling'ara kwa grisi. Ndani, mahali pa moyo wa waya, palikuwa na unga mwekundu. Aliugonga kwenye kiganja chake, unga ukamwagika kama bizari. Rahila akatazama kiganja, kisha akatazama juu, kisha akatazama mahali Mjaka anaposimama, palipolika saruji kwa nyayo zake.

"La ilaha illallah," alisema.

"Utayasema haya uliyoyaona?"

Rahila alijifunga mtandio vizuri. "Mie n'na watoto, Masika. Mie n'likuwa stoo." Akarudi stoo.

Masika akawasha mashine tena. Alipomaliza alikuwa na vipande sitini na sita, kavipanga kama kuni. Akanawa, akatawadha, akasali adhuhuri peke yake juu ya gunia, rakaa nne za mtu asiyekuwa na Ijumaa. Hapo alipata utulivu kidogo. Jicho lake lilikuwa limenyooka, mwaka huu angalau. Unga mwekundu hauli samaki.

*

Walirudi saa nane wananukia udi. Mjaka ndiye aliyeona kwanza, na kwa mara ya kwanza hakupata neno.

Abdulnasir alipata mengi. Alisema mali ya kampuni, alisema polisi, alisema mahakama, alisema Wapemba. Masika alimsubiri mpaka akaishiwa pumzi, kisha akamgongea kipande mbele ya viatu vyake, ule unga ukamwagika juu ya sakafu nyeupe. Kila mtu aliuona. Abdulnasir aliutazama unga, akatazama nje mashua arubaini zinazosubiri barafu, akafanya hesabu yake.

"Rahila!" aliita. "Mpe waya mpya."

Kwa hiyo alimhitaji fundi kwa saa mbili nyingine. Masika alipanda, akaufunga waya mpya, akauviringisha kwenye gurudumu kwa mpangilio, akakaza vibanio, akaupaka grisi, akaujaribu mtupu, akaujaribu kwa mikebe mitano, akaujaribu kwa kumi. Alifanya kazi ile bila haraka na bila kosa. Mikebe kumi ilipotua mezani kwa usalama, Abdulnasir alimpigia picha waya ule, akaipeleka Dubai na maneno yasemayo *Usalama kwanza*, na tajiri akamjibu kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Masika.

"Jumatatu usije. Na ile ada imekufa leo. Kuanzia sasa kibovu ni cha ofisi."

Masika alichukua kanzu yake msumarini. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, si kwa kuwaomba, alitaka tu kujua kama yupo wa kumsemea. Hakuwepo. Mjaka alikuwa kainama kwenye ule mrundo, anachambua vipande, anatafuta kilicho kizuri. Ana mbuzi nyumbani anayekata kamba.

Jumamosi pikapu ya chuma chakavu ilikuja ikapakia vilivyobaki, na Abdulnasir akapokea fedha dirishani. Pikapu ilipita barabara ya nyumbani kwa Masika, kwa kuwa barabara ni hiyohiyo moja, na waliokaa barazani dukani wakaiona. Kufika magharibi Tumbe nzima ilikuwa na habari kamili: Masika kaacha Ijumaa makusudi apate kuiba waya, kaukata vipande apate kuuza kwa kilo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Matano alilia dikoni kama aliyefiwa, akisema shemeji yake kamnyima waya mzima ili ale peke yake. Samaki aliacha kuleta siku ileile.

*

Jumatano iliyofuata, baada ya laasiri, Mjaka alipiga hodi kwa mlango wa uani. Mwatum alimfungulia bila kumkaribisha. Alikuwa amekonda ulimi wiki hiyo. Hakumlaumu mumewe kwa neno moja, na kwake yeye hiyo ilikuwa toba.

Mjaka aliingia akitazama nyuma. Mkononi alikuwa na kile kipande cha waya, bado kina manyoya ya mbuzi.

"Shikamoo, Mzee Masika," alisema. Tangu kuzaliwa hakupata kumwamkia hivyo.

"Marahaba. Sema."

"Wamen'pa kazi yako."

"N'mesikia."

"Jumatatu n'mepanda. N'kaandika *inafaa*, n'katia saini." Alikigeuza kipande mkononi. "Lakini n'likaa juu kule, n'kautazama, n'kautazama, sijui n'natazama nini. Na chini pale nasimama mie bado. Mtu mwengine hawakumwajiri."

Mwatum alicheka kwa puani. Masika hakucheka. Angeweza kumfukuza, na mimi ningemfukuza. Lakini fundi ni fundi, na kuna watu ambao hawawezi kuona kazi inaharibiwa hata na adui. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe. Akamshikisha Mjaka upande mmoja wa kipande cha waya, upande mwengine akaushika yeye.

"Kizungushe kitambaa. Shika kidogo tu, ukibana hutosikia. Sasa pitisha. Polepole. Hapo, umesikia?"

"Kimenasa."

"Tia alama ya chaki. Endelea. Hapo tena. Kwenye kipande cha urefu uno zikifika nyuzi sita, shuka chini, simamisha winchi. Usingoje Mjerumani."

Mjaka alirudia mara ya pili, mara ya tatu, ulimi umemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Mara ya tatu alizipata zote, akazihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Juu ya kichwa chake, siku zote zile.

"Na n'kishuka n'kasema umekwisha," aliuliza, "wakicheka?"

"Watacheka. Si weye uliyewafunza?"

Masika alikikunja kitambaa, akampa. "Kila Jumatatu. Kikichafuka kifuliwe, grisi ikizidi hakinasi."

Mjaka alikitia kitambaa mfukoni, akatoka na kipande chake kwa mlango uleule wa uani. Lakini kichochoro cha uani kinatokea dukani, na barazani walikuwa wamejaa. Sauti zao ziliingia dirishani kwa Masika kama zimo ndani.

"Mjaka! Watoka kwa Masika? Umekwenda kufanya nini?"

Masika na Mwatum walisikiliza wote wawili.

"Si huyu mzee," sauti ya Mjaka ilisema, kubwa, ya furaha. "Bado anavyo vipande, anauza. Hiki ataka elfu mbili. N'kampa moja!"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mwatum alishaichukua kanga, keshafika mlangoni, macho mekundu.

"Niache n'kamvue nguo mbele yao! Niache n'kawaambie alivyokuja hapa na shikamoo yake, na samaki wa kaka yangu n'liwapokea mie, si weye!"

"Mwatum," Masika alisema. Hakuwa amesimama. "Kitambaa, kakichukua?"

"Nini?"

"Kitambaa. Umeona mwenyewe, kakitia mfukoni?"

Mwatum alisimama mlangoni, kanga mkononi, kicheko cha nje kikipanda na kushuka.

"Kakitia," alisema.

"Basi rudi, unipakulie."

Akarudi. Ulikuwa muhogo wa kuchemsha, na chumvi.